Kuizoea mashine ya pumzi: mwongozo kutoka Ujiji

Usiku wa kwanza niliivaa saa nne. Kabla ya saa tano barakoa ilikuwa chini ya kitanda, nami niko dirishani natafuta hewa kama mtu aliyeopolewa ziwani. Usiku wa pili nilistahimili dakika 20. Usiku wa tatu sikuigusa. Mashine ambayo bei yake ingenipa mtumbwi na nyavu zake ikakaa juu ya stuli imefunikwa kitenge, na mama watoto akawa anaipangusa vumbi kila asubuhi bila kusema neno. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenisema.

Sasa ni mwaka wa tatu nalala nayo hapahapa Ujiji, na nilichojifunza ni kwamba mashine hii haizoewi usiku. Inazoewa mchana, ukiwa macho, umekaa zako barazani na hakuna anayekudai usingizi. Anayesubiri saa ya kulala ndipo aanze kupambana nayo ataishia nilipoishia mimi, dirishani.

Namwandikia mtu aliyekwisha kupimwa, daktari akamwambia pumzi inakatika akilala, na mashine anayo. Kama hujapimwa, lakini nyumbani wanakuambia unakoroma, kisha unanyamaza, kisha unashtuka kama uliyekabwa, anzia hospitali ya mkoa: Maweni kwa sisi wa Kigoma, Kitete kwa ndugu zetu wa Tabora. Waeleze hivyohivyo, wakuelekeze pa kupimwa. Usinunue mashine kwa kuhisi.

Kwanza ujue inafanya nini

Kwetu mtu akikoroma tunasema kashiba na kapumzika. Akishtuka usiku anatweta tunasema kakabwa na jinamizi, asomewe. Sikatazi mtu kusomewa, nami nilisomewa. Lakini kinachotokea kooni ni hiki: misuli ya koo hulegea usingizini, na kwa baadhi yetu inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga, kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni inapungua kwenye damu, ubongo unashtuka na kukuamsha nusunusu, unavuta hewa kwa kishindo, unalala tena. Asubuhi hukumbuki kitu, ila kichwa kinauma na mwili mzito. Wanaopima huhesabu mara ngapi inatokea kwa saa moja. Kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ya kati, kuanzia 30 kali. Mimi nilikuwa 41. Nilikuwa mwalimu, nasinzia nimesimama na chaki mkononi, na darasa zima linanicheka.

Mashine yenyewe, ambayo kwa herufi zake huitwa CPAP na wengi wetu tunatamka sipapu, si mtungi wa oksijeni. Inavuta hewa hiihii ya chumbani, inaichuja na kuisukuma kooni kwa nguvu ya kutosha tu ili njia isijifunge. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, nyingi huanzia 4 hadi 20, na namba yako huwekwa na mtaalamu. Usiipunguze mwenyewe kwa sababu inakusumbua. Ikikushinda, mrudie aliyeiweka.

Aliyebuni tiba hii ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1980. Mashine ya kwanza ilipuliza hewa kwa mota ya kifaa cha kufyonzea vumbi, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa wakigandishiwa barakoa usoni kila usiku. Mikanda ikikuudhi, wakumbuke hao.

Wiki ya barazani

Siku mbili za mwanzo usiiwashe kabisa. Chukua barakoa peke yake, bila bomba, ishikilie usoni kwa mkono wako huku unasikiliza redio au unapiga soga. Dakika tano, unaiweka chini, unarudia baadaye. Mkono ni muhimu hapa: ubongo ukijua unaweza kuitoa muda wowote, hofu inapungua. Ukianza kwa kufunga mikanda, moyo unasema umefungwa.

Siku ya tatu unganisha bomba na uwashe mashine kwanza, hewa itoke, ndipo uilete usoni. Usifanye kinyume. Barakoa iliyofungwa usoni bila hewa ndiyo inayokaba. Funga mdomo, vuta kwa pua, toa pumzi polepole. Utahisi kama unapumua kinyume na upepo wa ziwani ukiwa umekaa mbele kwenye mtumbwi. Hali hiyo hupungua ukiacha kushindana nayo. Mimi nilisaidiwa na kuhesabu: moja mbili kuvuta, moja mbili tatu nne kutoa.

Ukifika nusu saa bila kuhangaika, funga mikanda. Siku inayofuata fanya hivyohivyo ukiwa umelala ubavu kwenye mkeka. Kisha jaribu usingizi mfupi wa mchana, baada ya adhuhuri. Ndipo usiku. Kwangu hatua hizi zilichukua siku tisa. Kuna watakaotumia nne, na wengine mwezi. Hofu ikikupanda, rudi hatua moja nyuma. Usirudi mwanzo, wala usijilazimishe kuruka mbele.

Kabla ya usiku wa kwanza jifunze jambo moja hadi mikono ijue yenyewe: kuchomoa bomba gizani. Barakoa nyingi zina kiungio mbele au utosini kinachotoka kwa kubonyeza. Zima taa, fanya mara kumi. Ukijua mlango uko wapi hutaogopa chumba. Pia tafuta kitufe cha kupandisha nguvu ya hewa taratibu. Mashine nyingi zinacho. Huanza na hewa ya chini na kupanda kidogokidogo unapopitiwa na usingizi.

Wajukuu walipoona zoezi langu barazani, mmoja aliniuliza, "Babu, leo unazamia samaki wa mapambo?" Kwetu wapo vijana wanaozamia na mipira ya hewa kutafuta wale samaki wadogo wa rangi wanaouzwa nje, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Nikamwambia ndiyo. Majirani nao wakaja, wakauliza, wakazoea. Hiyo ndiyo faida nyingine ya barazani: siri inaisha mapema, huoni haya tena.

Barakoa ndiyo yenye kesi

Katika watu kumi wanaosema mashine imewashinda, naamini zaidi ya nusu wameshindwa na barakoa. Mimi niliuziwa kubwa kuliko uso wangu, kwenye duka moja Dar es Salaam, na muuzaji akaniapia kwamba zote ni sawa. Si sawa. Ipo ya vijipua viwili vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua, ipo ya kufunika pua tu, na ipo ya kufunika pua na mdomo. Anayelala mdomo wazi au mwenye pua inayoziba mara kwa mara humfaa hii ya mwisho. Mwenye ndevu ndefu, na Ujiji tuko wengi, atasumbuka na zile kubwa kwa sababu hewa inapenya kwenye nywele. Ajaribu ya vijipua kabla ya kufikiria wembe.

Pima barakoa ukiwa umelala, mashine ikiwa inawaka. Uso wa mtu aliyekaa si uso wa mtu aliyelala, mashavu yanahama. Hewa ikivuja kuelekea machoni, usikimbilie kukaza mikanda. Hilo ndilo kosa la kila mgeni. Inue barakoa kidogo kutoka usoni ili mpira laini wa silikoni ujae hewa, iachie ikae upya, kisha kaza kidogo sana kama bado inavuja. Mikanda iwe inapitisha kidole. Alama nyekundu inayofutika asubuhi ile ile haina neno. Kidonda juu ya pua maana yake umekaza mno au saizi si yako. Matundu madogo mbele ya barakoa usiyazibe hata kama yanapuliza. Hewa uliyoitoa inatokea hapo.

Mafuta ndiyo adui mwingine. Sisi tunajipaka usiku, na wengine hawalali bila mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Silikoni ikikutana na mafuta inateleza, inavuja, na baada ya muda inaharibika. Nawa uso kwa sabuni, ukaushe vizuri, ndipo uvae. Aliyetawadha kwa ajili ya isha naye ajifute maji kwanza. Paka mafuta asubuhi.

Na kama una betri ya moyo iliyopandikizwa kifuani, au kifaa kingine cha chuma mwilini, uliza kama barakoa yako ina sumaku kwenye vifungo. Baadhi zina, na sumaku hizo zinaweza kuingilia kazi ya vifaa hivyo. Mwambie daktari wako kabla hujaivaa.

Neti, dawa ya mbu na moshi

Sijaona maelekezo ya kiwandani yanayozungumzia chandarua, na huku kwetu bila chandarua ni malaria. Mashine ikae nje ya neti, juu ya stuli, chini kidogo ya usawa wa godoro, mbali na ukuta na pazia ili isikose hewa ya kuvuta. Bomba lipite upande wa kichwani, chini ya pindo la neti, kisha uchomeke neti chini ya godoro kulizunguka. Mimi nimefunga kitambaa cha kanga kwenye mchago wa kitanda, kitanzi kilegevu, bomba linapita humo. Nikigeuka halinivuti wala halifunui neti. Neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kuitundika.

Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani. Niliwasha usiku mmoja kwa mazoea, nikaamka na koo limekauka na kifua kinawasha. Mashine ilikuwa imeuvuta ule moshi na kunipulizia usiku kucha. Chujio linazuia vumbi, halizuii moshi wala harufu. Ndivyo ilivyo kwa dawa ya kupuliza, ubani na udi. Fukiza mapema jioni, fungua madirisha, kisha lala. Na kama jiko la mkaa liko karibu na dirisha la chumba chako, hama wewe au lihame jiko.

Maji ya kitanki

Mashine nyingi zina kitanki kinachotia unyevu kwenye hewa ili pua na koo visikauke. Maji yanayotakiwa ni yaliyotoneshwa, yale ambayo hayana madini kabisa. Ulizia maduka ya dawa au wanaouza vifaa vya maabara. Usitumie maji ya betri ya gari: kwenye gereji jina hilohilo hutumika kwa maji safi na kwa tindikali, na chupa zinafanana.

Maji ya bomba mjini Kigoma yanatoka ziwani, na Tanganyika ni ziwa lenye madini mengi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huo utajijenga kwenye kitanki. Ukikosa maji yaliyotoneshwa kwa siku mbili tatu, tumia yaliyochemshwa yakapoa, ukijua kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu, madini yanabaki. Au lala bila maji kabisa. Hewa itakuwa kavu kidogo lakini tiba inaendelea. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, kitanki kikauke. Ukoko ukishajitokeza, loweka kwa siki nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu 10, kisha suuza sana.

Miezi ya baridi, Juni na Julai, huenda ukasikia maji yanagugumia ndani ya bomba, au matone yakakudondokea usoni. Hewa yenye unyevu imepoa njiani. Punguza unyevu kwenye mashine, na lipitishe bomba chini ya shuka.

Umeme

Kigoma ilikaa miaka mingi ikiendeshwa kwa majenereta, mbali na gridi ya taifa, kwa hiyo sisi kukatika umeme hakutushangazi. Hesabu yenyewe si ya kutisha. Mashine bila kupasha joto maji ya kitanki hula takriban wati 30 hadi 40. Kwa saa nane, tuseme wati 40, ni uniti 0.32 za Luku, kama uniti 10 kwa mwezi. Ukipasha maji, matumizi yanaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Angalia Luku kabla ya kulala. Mimi imeniishia saa nane za usiku, na si mara moja.

Umeme ukikatika na barakoa iko usoni, ivue. Barakoa za kufunika pua na mdomo zina kidirisha cha usalama kinachofunguka, huwezi kukosa hewa papo hapo, lakini hazikutengenezwa kulaliwa hivyo. Lala ubavu, inua kichwa kwa mto wa pili, usubiri.

Mwenye uwezo atafute betri. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, ila ya kawaida ya risasi isishushwe chini ya nusu. Unabaki na 600. Mashine bila kupasha maji itatumia 240 hadi 320 kwa usiku. Kwa hiyo ni usiku mmoja wa raha na wa pili wa mashaka, kwa sababu inveta nayo inakula yake. Inveta iwe ile inayotoa umeme laini kama wa TANESCO, si zile za bei rahisi zinazovuma. Ziko pia adapta za kuunganisha betri moja kwa moja bila inveta, na hizo zinapunguza upotevu, lakini ziwe za modeli yako. Mashine nyingi zinataka volti 24, si 12. Umeme ukirudi huja kwa kishindo, hivyo weka kilinzi cha umeme kati ya soketi na mashine.

Usafi

Asubuhi futa mpira wa barakoa kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Mara moja kwa wiki osha barakoa, mikanda na bomba kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ya mtoto au ya vyombo isiyo kali. Sabuni yetu ya magadi na mawese ni kali mno kwa silikoni. Usitumie dawa ya kufulia nguo nyeupe wala spiriti. Anika kivulini, jua la kiangazi linakausha plastiki hadi inapasuka. Chujio la karatasi halioshwi, linabadilishwa takriban kila mwezi, na vumbi jekundu la Septemba likianza, mapema zaidi. La sponji linaoshwa.

Mashine ya mtumba, au ile iliyoletwa na ndugu kutoka nje, iangalie kabla ya kuiwasha. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili mwaka huo, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyo ndani iliweza kumomonyoka na mgonjwa akavuta chembe zake. Soma jina la modeli na namba, mpe daktari akuthibitishie. Soma pia kama adapta inapokea volti 240. Iliyoandikwa 110 peke yake itaungua siku hiyohiyo.

Usiku wenyewe

Vaa kabla usingizi haujakukamata. Ukiamka katikati ya usiku na kwenda msalani, chomoa bomba, barakoa ibaki usoni. Ukirudi unaunganisha tu. Watu wengi huamka asubuhi wakakuta wameivua bila kujua. Usijilaumu, ivae tena ukishtuka, na wiki baada ya wiki saa zitaongezeka. Wakati wa Ramadhani kumbuka kuivaa tena baada ya daku na kwenye usingizi wa mchana, maana koo halijui kwamba ni mchana.

Mdomo ukikauka kama mchanga, hewa inatokea mdomoni: jaribu mkanda wa kidevu au barakoa ya kufunika vyote. Pua ikiziba, isafishe kwa maji ya chumvi yanayouzwa dukani yakiwa tayari, kabla ya kulala. Tumbo likijaa hewa na kuunguruma asubuhi, unaimeza. Mwambie daktari, huenda nguvu ya hewa inahitaji kurekebishwa. Pombe na vidonge vya usingizi vinalegeza koo zaidi, viache. Na mpaka kusinzia ovyo mchana kuishe, usiendeshe gari wala bodaboda. Barabara ya Kasulu ni ndefu.

Msibani na safarini

Msibani wanaume tunalala wengi kwenye mikeka, na soketi ni moja yenye simu 15. Ongea na mwenyeji mapema, akupe kona karibu na ukuta wenye umeme. Akijua ni ugonjwa hatakunyima. Ukisafiri, iwe kwa treni ya kwenda Dar au kwa basi la Mwanza, mwaga maji yote kitankini kwanza, kwa sababu yakimwagika ndani ya mashine umeiua. Ibebe mkononi, isiingie buti. Kwenye ndege vilevile, na barua ya daktari mfukoni.

Rudi hospitali baada ya mwezi wa kwanza hata kama unajisikia vizuri, na beba mashine na kadi yake ndogo ya kumbukumbu. Imeandika kila usiku: saa ulizovaa, hewa iliyovuja, mara ngapi pumzi ilikatika. Usingoje mwezi kama damu inatoka puani kwa wingi, masikio yanauma, au kichwa kinaendelea kuuma kila asubuhi ilhali unavaa usiku mzima. Mimi kadi yangu ya kwanza ilionyesha saa mbili na nusu kwa usiku, na daktari hakunigombeza. Alinibadilishia barakoa.